Bomba la moshi la ubavuni kwenye gari la kujiundia: nilikaze wapi na nililegeze wapi?

Mjenzi_Leicester

Habari zenu wakuu. Naishi Leicester, Uingereza, na jioni zangu nyingi zinakwenda kwenye kuunganisha gari dogo la wazi la watu wawili, la mtindo wa Lotus Seven. Fremu na bodi nilinunua vikiwa vipande, na injini ya lita 1.8 pamoja na giaboksi nilivitoa kwenye Mazda MX-5 ya mwaka 1999 iliyokuwa imegongwa nyuma. Injini imeshakaa kwenye mauntingi zake, propela shafti imefungwa, na sasa nimefika kwenye bomba la moshi, ambalo naona lina maamuzi mengi kuliko nilivyotazamia.

Kwenye injini hii moshi hutokea upande wa kushoto, ambao kwa hapa ni upande wa abiria. Manifoldi niliyo nayo ni ya stenlesi, yenye mabomba manne ya kipenyo cha milimita 38 yanayopenya kwenye ubavu wa gari na kukutana nje katika kikusanyio kimoja. Kuanzia hapo kwenda nyuma hakuna kitu. Masega ya kusafisha moshi, sailensa na vishikio vyote natakiwa kuvipanga na kuvichomelea mwenyewe, na nafasi niliyo nayo kati ya kikusanyio na tairi la nyuma ni kama mita moja na robo.

Gari litakapokamilika litakwenda kwenye ukaguzi wa IVA, ule wa gari mojamoja ulioanza mwaka 2009 mahali pa ukaguzi wa zamani ulioitwa SVA. Ninachofahamu ni kwamba sauti haitakiwi kuvuka desibeli 99, kipimo kikiwekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba kwa pembe ya digrii 45, na kwamba kwa umri wa injini yangu moshi utapimwa kwa viwango vya gari lenye masega. Ninachoomba msaada ni hiki. Jirani yangu ambaye naye anaunda gari ananishauri niifunge sailensa kwa vyuma viwili na bolti moja kwa moja kwenye fremu, ili isitikisike na kugonga bodi, kwa kuwa nafasi kati ya bomba na bodi ni ndogo. Mimi nina wasiwasi na ushauri huo, ila sina hoja ya kumjibu. Pili, sensa ya oksijeni na masega vikae wapi katika nafasi fupi kama hii? Na tatu, je, nizungushie manifoldi ile bandeji ya kuzuia joto, au niache wazi?

Chuma_na_Argoni

Ndugu Mjenzi, hongera kwa hatua uliyofikia. Kuchomelea stenlesi ndiyo kazi inayonilisha hapa Birmingham, na manifoldi za magari ya aina yako huletwa kwangu mara kwa mara zikiwa zimepasuka mahali palepale: kwenye mshono wa flanji (bapa linalofungwa kwenye injini) ya silinda ya kwanza au ya nne, au pale mabomba yanapoingia kwenye kikusanyio. Wenyewe huamini kwamba mshono wa mwanzo ulikuwa mbovu. Mara nyingi mshono ulikuwa mzuri kabisa, ila sailensa ilikuwa imefungwa kwenye fremu kwa namna hiyo anayoisema jirani yako.

Hoja ya kumjibu ni hesabu, na inafaa uifanye kabla hujakata bomba lolote. Stenlesi ya aina ya 304, ambayo bila shaka ndiyo utakayonunua, hurefuka karibu milimita 8 na nusu kwa kila mita moja joto lake likipanda kwa digrii 500. Chuma cha kawaida, katika hali hiyohiyo, hurefuka milimita 6 hivi. Kutoka kwenye flanji ya injini hadi kishikio cha nyuma utakuwa na takriban mita moja na nusu ya bomba. Hata tukikubali kwamba sailensa haipati joto kubwa kama manifoldi, bado kuna milimita nane hadi kumi zinazotafuta pa kwenda kila unapowasha gari na kila linapopoa. Ukizifungia njia kwa bolti mbili, zitaisukuma flanji, na flanji ikikataa kusogea, utakaovunjika ni mshono.

Kwa bomba la ubavuni kuna mwendo wa pili ambao ni mbaya zaidi. Injini imekaa kwenye raba. Ukikanyaga mafuta, hujipinda kinyume cha mzunguko wa krenki, na kwa kuwa mabomba yako yametokeza mbali na mhimili wa injini, mpindo mdogo kwenye mauntingi unakuwa mwendo wa kupanda na kushuka unaoonekana kwa macho pale kikusanyio kilipo. Kwa sababu hiyo tundu la kwenye bodi lisibane mabomba. Mimi huacha milimita 20 kuzunguka kila bomba, na zaidi kidogo juu na chini. Fiberglasi iliyo karibu zaidi ya hapo hulainika na kubadilika rangi hata kama haiguswi.

Kwa hiyo lichukulie bomba lako kama vitu viwili tofauti. Kimoja ni cha injini, kinatembea nayo: manifoldi, kikusanyio na kipande kifupi kinachofuata. Kingine ni cha fremu: masega na sailensa, vikining'inia kwenye raba. Katikati yake weka bomba nyumbufu lililofumwa kwa nyaya za stenlesi, au kiungo cha kuteleza chenye springi mbili. Ukishaigawa hivyo, kila kishikio kitajieleza chenyewe kinapaswa kufungwa wapi.

Sasa kuhusu sensa. Iweke kwenye mkia wa kikusanyio, mahali moshi wa silinda zote nne umeshachanganyika, na iwe kabla ya kile kiungo kinacholegea. Mpangilio huu usiubadilishe. Watu wengi hudhani kwamba tundu dogo kwenye bomba hutoa moshi tu, lakini moshi husafiri kwa mapigo, na nyuma ya kila pigo huja mvuto unaoingiza hewa kutoka nje. Hewa hiyo ikiifikia sensa, kompyuta huamini kwamba petroli ni kidogo, inaongeza petroli, na kaboni monoksidi inapanda siku ya ukaguzi ingawa injini yenyewe haina kasoro yoyote. Kwenye kipimo cha mizunguko 2500 hadi 3000 kwa dakika wanataka lamda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, iwe kati ya 0.97 na 1.03, na kiungo kinachovuja kinaweza kukutoa nje ya kiwango hicho. Kitako cha sensa ni cha uzi wa M18 kwa 1.5. Kichomelee nusu ya juu ya bomba, sensa ikiinama angalau digrii 10 kutoka usawa wa mlalo, ili maji yanayojikusanya ndani ya bomba wakati injini ni baridi yasiingie kwenye sehemu yake ya kauri na kuipasua.

Fundi_Njiro

Salaam kutoka Arusha. Magari ya kujiundia nyumbani huku kwetu ni nadra, lakini bomba la moshi linalopasuka ni kazi yetu ya kila siku, kwa sababu Land Cruiser za utalii zinapita barabara zenye mabonde madogomadogo ya mfululizo hadi kila kilichofungwa kwa ukali kinaachia. Nayaunga mkono maneno ya Chuma_na_Argoni, nami naongeza yale ambayo barabara imetufundisha.

Kikusanyio chenye mabomba manne ya stenlesi ni kizito, nawe unataka kukiongezea kipande cha bomba na sensa. Uzito wote huo usiuachie flanji na stadi zake, yaani zile bolti zilizosimikwa kwenye injini. Ukitazama magari ya kiwandani utaona kwamba kishikio cha kwanza cha bomba mara nyingi hufungwa kwenye giaboksi au kwenye injini, wala si kwenye bodi, na sababu ni hiyohiyo ya vitu viwili: kinachotembea na injini kishikwe na injini. Tafuta bolti mbili za chini kwenye ubavu wa injini, utengeneze mkono wa bapa la milimita 4 unaopita chini ya mabomba na kukishika kikusanyio kwa klampu. Mkono huo ukiufunga kwenye fremu utakuwa umerudi kulekule kwa jirani yako.

Sailensa yenyewe ikae kwenye raba mbili za kubana, zilizotengenezwa kustahimili joto, na usizibane hadi zikabonyea, maana raba iliyobonyea haina tena kazi ya raba. Kisha, ndugu yangu, funga waya wa chuma kutoka kwenye fremu hadi kwenye sailensa, uwe umelegea kidogo na usibebe uzito wowote. Raba hukatika. Kwenye gari la kawaida sailensa ikianguka inaburuzwa barabarani na dereva anasikia kelele. Kwenye gari lako iko mbele tu ya tairi la nyuma, ikishuka itaingia moja kwa moja chini ya tairi. Waya ni wa bei ndogo na unaizuia hatari hiyo yote.

Jambo jingine linahusu wenzetu wa huku watakaosoma mada hii na kutaka kujaribu. Msichomelee bomba la maji lenye zinki kwa ajili ya moshi. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kifua kubana na kutetemeka usiku huo, na bomba lenyewe nalo litaendelea kuunguza zinki hiyo kila linapopata moto wa injini. Chuma cheusi cha kawaida kinadumu miaka kadhaa na kinatosha.

Binti_wa_Gereji

Nami niko Uingereza, na gari la mtindo huohuo niliunda na mume wangu. Kuhusu joto, naipendekeza bandeji bila kusita. Upande wa abiria wa gari hili, miguu ya mtu imetenganishwa na manifoldi kwa bapa jembamba la alumini tu, na safari ndefu ya kiangazi humfanya abiria akunje magoti. Tulipozungushia bandeji mabomba yote manne, tofauti ilihisika siku hiyohiyo, na rangi ya bodi karibu na tundu ikaacha kugeuka manjano.

Halafu kuna suala la ndama ya mguu. Gari halina mlango wa kawaida. Abiria anaingia kwa kuvuka ubavu, na sailensa iko palepale anapopitisha mguu. Tengeneza ngao yenye matundu, ya stenlesi nyembamba, isimame milimita 15 hivi kutoka kwenye sailensa, na ifunike masega pia, kwa sababu masega yana joto kali kuliko sailensa. Kingo zote zilizo wazi zisawazishe. Mkaguzi atapima ukali wa kingo za nje, nazo zinatakiwa ziwe na mviringo wa angalau milimita 2.5, na mdomo wa bomba nao hauachwi nje ya hesabu hiyo. Kipande cha bomba kilichokatwa na grainda na kuachwa hivyo hakitapita.

Chuma_na_Argoni

Dada Binti, kuhusu ngao na kingo nakubaliana nawe kwa kila neno. Kuhusu bandeji naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu namjibu mtu ambaye manifoldi yake ina ukuta wa milimita 1.5 au pungufu.

Bandeji haiondoi joto, inalirudisha ndani ya bomba. Bomba linafanya kazi kwenye joto la juu zaidi kuliko lilivyokusudiwa, linarefuka zaidi, na stenlesi nyembamba iliyokaa katika hali hiyo kwa muda huanza kupata nyufa ambazo hutaziona, kwa kuwa zimefunikwa. Kwenye chuma cha kawaida kuna tatizo la ziada: bandeji hunyonya maji ya mvua na ya barabarani, hasa chumvi inayomwagwa hapa wakati wa barafu, na kutu inalila bomba kimyakimya. Ngao ya alumini yenye nafasi ya hewa ya milimita 10 hadi 15, ikifungwa kwenye bapa la miguu ya abiria na si kwenye bomba, inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hewa inayopita katikati ndiyo inayobeba joto. Kama bado haitoshi, pakaza mabomba rangi ya kauri kwa mtaalamu. Bandeji ningeikubali kwenye kipande kifupi tu kinachopita karibu na bomba la breki au la petroli, na hata hapo ningesogeza kwanza bomba la petroli.

Mjenzi_Leicester

Nawashukuru wote kwa moyo wote. Hesabu ya milimita nane nimempelekea jirani, naye ameanza kulegeza bolti zake. Bandeji nitaiacha na nitatengeneza ngao mbili, moja ya miguu ya abiria na moja ya sailensa kama Binti alivyoeleza.

Bado nina mawili. Nikiondoa nafasi ya kipande nyumbufu na masega, sailensa itakuwa na urefu wa kama milimita 550 tu. Je, itatosha kwa desibeli 99? Na pili, kwa kuwa sina mashine ya kuchomelea ya argoni bali ya MIG tu, ile inayojilisha waya yenyewe, ni vipi niandae kazi ili mtu mwenye mashine aimalizie?

Chuma_na_Argoni

Kwa sauti, urefu si jambo pekee, kinachotawala ni ujazo. Sailensa za magari haya ni bomba lenye matundu lililozungukwa na pamba ya kioo au ya basalti, na kazi yake ni kunyonya sauti kali za juu. Mngurumo mzito wa chini huupunguza kidogo sana, na unene wa pamba ndio unaosaidia zaidi hapo. Kati ya sailensa ndefu ya kipenyo cha inchi 5 na fupi ya kipenyo cha inchi 7, mimi ningechagua ya inchi 7 kama nafasi ya ubavuni inaruhusu bila kuizidi bodi kwa ubaya. Chagua ile ambayo mfuniko wake umefungwa kwa riveti na haukuchomelewa, kwa sababu pamba huungua na kupeperushwa kidogokidogo, na sailensa iliyopita kwa shida ikiwa mpya itashindwa baadaye ikiwa tupu. Uzuri wa hali yako ni kwamba masega yenyewe hupunguza sauti kwa kiasi cha kuhisika, hivyo usikubali ushauri wa kuyatoa baada ya ukaguzi. Utapoteza usafi wa moshi na ukimya kwa pamoja. Ukiona bado uko karibu na mpaka, kuna vipunguza sauti vidogo vinavyoingizwa kwenye mdomo wa bomba na kufungwa kwa bolti moja.

Mdomo wenyewe uelekeze nje na chini kidogo, na uishie nyuma ya kiti cha abiria kadiri tairi linavyoruhusu. Gari la wazi huwa na mvuto nyuma ya kioo cha mbele unaorudisha hewa kwa waliokaa, na bomba linaloishia usawa wa kiwiko huwaletea kaboni monoksidi, hasa dakika za mwanzo kabla masega hayajafikia digrii 250 au 300 na kuanza kazi. Siku ya ukaguzi usizime injini muda mrefu kabla ya kupimwa. Masega yaliyo nje ubavuni hupoa haraka kuliko yaliyo chini ya gari.

Kuhusu maandalizi, MIG yako inatosha kwa kushikiza. Kila kitu kishikizwe kikiwa kwenye gari, injini ikiwa imebeba uzito wake wote kwenye mauntingi, matairi yakiwa chini, na mtu amekaa kwenye kiti cha abiria ili uone umbali halisi kutoka ardhini. Sailensa isiwe kitu cha chini kabisa kwenye gari, maana matuta ya barabarani yataikuta kwanza. Kabla ya kushikiza, toa waya hasi wa betri na uchomoe kompyuta na altaneta, na klampu ya ardhi uiweke kwenye bomba lenyewe karibu na unapochomelea, ili umeme usitafute njia kupitia beringi za injini. Tumia waya wa stenlesi wa 308L. Pale stenlesi inapokutana na chuma cha kawaida, kama kwenye flanji, tumia 309L. Pointi tatu ndogo kwa kila kiungo zinatosha, na usiache nafasi zaidi ya milimita moja kati ya vipande, maana mshono wa kujaza pengo hukivuta kiungo kikipoa na bomba lako litatoka kwenye mstari.

Atakayemalizia hakikisha anajaza argoni ndani ya bomba pia, si juu ya mshono pekee. Bila hivyo upande wa ndani huungua na kufanya chembe ngumu mithili ya sukari guru. Ufa huanzia hapo, na chembe zinazobanduka huishia kwenye masega.

Fundi_Njiro

Naongeza kipimo kimoja kabla hujawasha injini, kwa kuwa hakihitaji chombo cha gharama. Chukua mashine ya kufagia vumbi inayoweza kupuliza, ifunge kwa kitambaa kwenye mdomo wa bomba, iwashe, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye kila mshono na kila flanji kwa brashi. Povu litakuonyesha palipo wazi. Hewa kidogo itatoroka kupitia valvu zilizofunguka, hilo ni la kawaida. Anza na flanji ya injini na kitako cha sensa, kwa kuwa uvujaji wa kabla ya sensa ndio utakaokuangusha kwenye ukaguzi. Kiungo chenye springi kikitoa povu dogo, kipakaze gundi inayostahimili joto na ukipime tena baada ya kukauka. Gari likishatembea kilomita mia moja za kwanza, kaza upya stadi za manifoldi injini ikiwa baridi, ukianzia za katikati kwenda pembeni.